Mlango wa Jikoni, Sehemu ya Pili

Filamu ya pili ilikuwa mbovu. Tuanze hapo, kwa sababu wapo watu wenye huruma nyingi watakaokuambia kwamba ilikosa bahati tu, au kwamba watazamaji hawakuielewa. Hapana. Ilikuwa mbovu kama maziwa yaliyosahaulika juani, na kila aliyeionja alijua kabla hajameza. Lakini filamu mbovu ni nyingi duniani na hakuna anayezililia. Mtu hutoka, hununua kahawa, husahau. Mzee Dilawar wa Pickering, mji wa ng'ambo kwenye theluji, hakupata nafasi ya kusahau, kwa kuwa ndani ya upuuzi ule walikuwa wamemtia mkewe, na mkewe alikuwa marehemu.

Ile ya kwanza ilikuwa kitu kingine kabisa. Aliitengeneza Aun, mtoto wao wa pekee, ndani ya nyumba yao wenyewe, yeye na rafiki zake wachache na kamera ya kuazima. Waliiita Mlango wa Jikoni. Kisa chake kilikuwa chepesi: mama amekufa, watoto wamebaki na nyumba, na kila jioni wakiketi kula wanamwona mama amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hasemi neno. Hamgusi mtu. Anawatazama wanavyokula, basi. Msichana aliyepatana nao kuwa mzuka huo alikuwa anakaa mbali, St. James Town mjini, na siku ya kwanza theluji ilianguka mpaka mabasi yakasimama, hakutokea. Aun akamgeukia mama yake, Sughra, aliyekuwa anawakaangia vijana kababu.

"Mama, simama hapo mlangoni kidogo, tupime taa."

Sughra akajifuta mikono kwa ncha ya mtandio, akasimama. Taa zikapimwa, na hakuna aliyeuliza tena habari za yule msichana.

Mwanamke yule hakuwahi kuigiza popote. Aliposimama pale alikuwa anafanya kazi aliyoifanya tangu alipoolewa Tanga: kuangalia kama watu wake wanakula au wanachezea chakula. Hicho ndicho kilichotisha. Ulimwona amekufa na bado ana wasiwasi na sahani yako. Watu walitoka vinyweleo vimewasimama na machozi juu yake, na wengi wao, wakiwa bado kwenye maegesho ya magari, waliwapigia simu mama zao. Filamu isiyo na tone la damu ikazunguka, ikapewa tuzo mbili tatu. Hata wacha Mungu wa msikitini wasiotazama sinema waliitazama, kisha wakasema watoto ndio waliowasha runinga.

Siku ya mwisho ya kupiga picha, kamera ikiwa inanasa, Sughra alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, wa pili akaunyoosha mbele, kinywa kikamfunguka na uso ukajikunja upande. Wote wakadhani mama ameiva katika sanaa. Wakampigia makofi. Sughra akakaa sakafuni palepale, akaomba maji, akasema kuna kitu kimemkata tumboni. Ule haukuwa uigizaji. Ulikuwa ugonjwa unabisha hodi, na haukubisha mara nyingi. Aliiona filamu yake akiwa kitandani, akalalamika kwamba mtandio ulimkaa vibaya, na majira ya baridi yaliyofuata wakamzika.

Kipande kile Aun hakukitumia. Alisema kile si cha filamu, ni cha Mama. Lakini hakukifuta pia. Nani anafuta picha ya mama yake?

Wakati huo Sahar, binti wa Aun, alikuwa hajaota meno. Sasa alikuwa na miaka minane, na bibi yake, Dadima, kwake alikuwa jina tu, jina ambalo watu wazima wakilitaja hushusha sauti. Jambo hili lilimkaa Dilawar kooni. Aliweza kuvumilia kitanda kitupu na chai ya kujipikia, ila hili la mtoto kumpita nyanya yake kama mtu anayepita kituo cha treni amelala, hilo alishindwa. Alikuwa amejaribu kumwonyesha ile filamu ya kwanza, lakini mama yake mtoto, Naseem, alikataa katakata. "Bapa, bado mdogo," alisema. Kwao Bapa ni baba, na mkwe huita hivyohivyo. Dilawar akangoja mtoto akue.

Kisha ikaja kampuni moja ya mjini, ambayo jina lake tuliache lilipo, ikataka kuinunua hadithi. Aun alikuwa amechoka kurekodi harusi za watu. Walimwambia sehemu ya pili ataiongoza yeye mwenyewe, na kwa furaha ile akatia saini bila kusoma vizuri, akawakabidhi hadithi pamoja na picha zote alizowahi kupiga, zilizotumika na zisizotumika. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia akalishika mwenyewe. Miezi michache baadaye walimpa mwongozaji mwingine kazi, Aun wakampa asante. Filamu ikapikwa bila yeye, hata mlangoni hakuruhusiwa kuchungulia. Kitu kimoja tu aliambiwa, nacho akaenda nacho kwa baba yake.

"Bapa, Mama yumo. Wamesema wametumia picha zake za zamani. Kwa heshima, wamesema."

Laiti angejua maneno yale yangefanya nini. Mzee aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti akanyooka. Sughra yumo! Atatembea, atageuza shingo, atatazama kwa macho yale. Na Sahar amekua. Dilawar aliamua mara moja mtoto ataona, na ataona ukumbini, mbele ya jamii nzima, bibi yake mkubwa kama ukuta.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo, nadhani, hakuna mtu wa kabila lingine ambaye angelifanya. Miongoni mwa Makhoja, Waislamu wa asili ya Kihindi kama yeye, mtu akitaka kumkumbuka maiti wake hutoa niyazi: huwalisha watu, wakasoma Sura ya Fatiha, na thawabu zikamfikia marehemu. Dilawar akaona, kama pilau hupeleka thawabu, kwa nini sinema isipeleke? Ile ya kwanza si iliwafanya watu wawapigie simu mama zao? Je, kuna mawaidha yaliyowahi kufanya hivyo haraka vile? Akakodi ukumbi mzima wa sinema pale Pickering, Jumapili mchana, kwa thawabu za marhuma Sughra.

Alhamisi, baada ya majlisi msikitini, alimfuata maulana, imamu wao, amtangazie. Maulana alikuwa kijana mwenye adabu, akafikiri, akakuna ndevu.

"Mzee Dilawar, filamu ya mashetani?"

"Ya mama, maulana. Mashetani ni ya kuvutia tiketi."

"Basi tangaza. Lakini si humu ndani. Tangazia kule kwenye viatu."

Akatangazia kwenye viatu, watu wakiwa wameinama wanatafuta vyao, na pengine ndiyo maana walikubali wote. Shemeji yake Ummulbanin, dada wa Sughra, ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alimvuta kando.

"Shemeji, miaka yote nimekula niyazi za watu. Biriani nimekula, khichdo nimekula. Niyazi ya jini hii ndiyo ya kwanza."

"Utakuja au huji?"

"Nitakosaje? Ni dada yangu." Akajifuta jicho kwa haraka, kama mtu anayetoa vumbi.

Naseem alijaribu kuzuia. Alisema mtoto ataota ndoto mbaya. Dilawar akamwambia maneno ambayo baadaye aliyarudia peke yake mara nyingi, kwa sauti, akiwa anaosha kikombe kimoja: "Mwanangu, mtoto hawezi kumwogopa bibi yake mwenyewe." Aun akamtazama mkewe, mkewe akamtazama baba mkwe, na kwa kuwa ni watu wanaoheshimu wazee, wakamwachia.

Jumapili ukumbi ukajaa mpaka viti vya mbele vinavyovunja shingo. Wazee wa msikitini walikuwepo na koti zao nzito mapajani, na kina mama wamejitanda nyeusi, watoto na ndoo za bisi. Hata jirani wa Dilawar, Gerishon, Mkenya aliyehamia mtaa ule baada ya Sughra kufariki, alikuja na watu watatu wa kanisani kwake. Dilawar alimweka Sahar kando yake, katikati kabisa. Taa zilipozimwa akamshika mkono.

"Sasa utamwona Dadima."

"Okay, Dadabapa," Sahar akamwambia babu yake, na akajikalisha wima kama mtoto anayengoja kupigwa picha.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa hawakutia maji tu, walimwaga tembo lote wakauza maji. Nyumba ya Pickering ilikuwa imegeuka kasri lenye ngazi za mviringo. Watoto wa kisa walikuwa wamegeuka vijana warembo wasiojua kufunga mlango. Kulikuwa na safari ya kwenda Afrika, nchi haikutajwa, ambako ngoma zililia porini usiku na mchana bila mpigaji. Na kulikuwa na jini. Jini lilikuwa na pembe, moshi na macho mekundu ya taa za breki, na mtu fulani ofisini alikuwa ameamua liongee Kiswahili, kwa heshima. Likapasua sakafu, likainua makucha, likanguruma mbele ya ukumbi wa watu waliozaliwa Tanga, Mombasa na Zanzibar:

"Karibu sana!"

Gerishon ndiye aliyeanza. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, kile cha kuambukiza.

"Hili limewahi kufanya kazi hotelini," Ummulbanin akasema gizani, na mistari miwili ya viti ikaanguka kwa kicheko.

Kutoka hapo hapakuwa na breki. Jini likisema "Asante sana" kabla ya kumng'ata mtu, watu wanashika mbavu. Dilawar naye alicheka, tuseme ukweli. Alicheka kwa ahueni, akijiambia haidhuru, jini ni la kipuuzi lakini Sughra akitokea watanyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa umechangamka, koo zimelainika, kila mtu anangoja kichekesho kinachofuata.

Mlango wa jikoni ukafunguka, akatokea Sughra.

Kilikuwa kipande kile. Mkono umeshika fremu, mwingine umenyooshwa, kinywa wazi, uso umejikunja kwa maumivu. Walikuwa wameupanua uso ule mpaka ukajaza ukuta, wakayapaka macho yake weusi mtupu na kupunguza mwendo. Sauti aliyoitoa siku ile walikuwa wameitupa, na kinywani mwake wakaweka mlio wa mnyama, sijui fisi, sijui mbwa. Na ukumbi ukacheka. Usiwalaumu. Mtu aliyekwishaanza kucheka ni kama gari kwenye mteremko wa barafu, ukikanyaga breki ndiyo kwanza linateleza. Walicheka watu waliokula kwake na watu waliomwosha maiti. Kisha, mstari kwa mstari, walioutambua ule uso wakakata kicheko, na ukimya ukawa unatambaa ukumbini huku watoto na wageni wakiendelea kucheka juu yake.

Dilawar hakuelewa kwa muda. Akili yake ilikataa kuviunganisha viwili vile, uso na mlio. Alipoelewa, aligeuka kutazama kule nyuma picha zinakotokea. Aliwaza kusimama. Aliwaza kupiga kelele, zimeni. Lakini amwambie nani? Kule nyuma hakukuwa na mtu, siku hizi sinema hujiendesha yenyewe. Mkononi alihisi vidole vya Sahar vikibana, kisha mtoto akauliza kwa Kiingereza, polepole, "Is that her?"

Ndipo Dilawar, aliyekodi ukumbi mzima ili mtoto amwone bibi yake, akainua kiganja chake akamfunika macho.

Lakini hadithi haikumalizika hapo, kwa sababu wapuuzi hawatosheki. Kila mlango ulipofunguka, alikuwa yeye. Kabatini, yeye. Chini ya maji ya bafu, yeye. Na siri kuu ya kisa, iliyofichuliwa kwa muziki mkubwa, ilikuwa kwamba yule mama aliyekuwa akiwatazama watoto wake wanakula, kumbe alikuwa anangoja kuwala wao. Sughra! Aliyekuwa akimfuata mtu mpaka kwenye gari na sahani iliyofunikwa! Dilawar alikaa. Hakuondoka, kwa sababu mwenye shughuli haondoki wageni wakiwa wamekaa. Kiganja chake kilibaki juu ya macho ya mtoto mpaka taa zikawaka, lakini masikio hakuwa na mikono ya kuyafunika.

Na nje palikuwa na niyazi. Alikuwa ameagiza vifurushi vya kababu na mandazi, kila kimoja na kibandiko: Sura ya Fatiha kwa marhuma Sughra. Angevificha wapi? Akasimama kwenye ukumbi wa nje, chini ya mabango, akawa anavigawa. Watu walipita wakiwa wameinamisha vichwa. Mmoja alimwambia hongera, wa nyuma yake akamwambia pole, na wa tatu alishindwa kuchagua akamshika tu mkono. Kijana mdogo wa mtu alinyoosha mkono, akakunja uso, akalia kama fisi kuwatisha wenzake. Mama yake alimzaba kofi hapohapo, kisha akalia yeye. Gerishon alikuja wa mwisho. Watu walikuwa wamemwambia.

"Mzee, woiye, mimi sikujua. Nilicheka. Na sikujua ni mama wa hapa kwako."

"Hukujua," Dilawar akasema. "Chukua kababu."

Ummulbanin hakuchukua kifurushi. Alisimama kando ya shemeji yake, akamsaidia kugawa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusema chochote.

Nyumbani, Aun alimpigia magoti baba yake. Alilia kama alivyolia siku ya mazishi. Dilawar hakuwa na nguvu ya kumgombeza, na angemgombeza nini? Kijana alikuwa ameharibu kile alichokipenda, na hakuna adhabu inayoizidi hiyo. Alichotaka ni kimoja tu.

"Kile kipande wakitoe. Filamu waache, jini lao waache, wamtoe mama yako."

Wakaenda ofisini kwa kampuni, karibu na majengo mapya ya Regent Park. Waliwekwa kwenye chumba cha vioo, wakaletewa maji. Wakubwa hawakutokea. Alitumwa mwanamke mmoja wa idara ya mikataba, Thacienne, aliyezaliwa Bukavu, na alipomwona mzee akaacha Kiingereza mlangoni, akashika Kiswahili cha kwao.

"Jambo, papa. Pole sana. Nilisikia. Mimi niliomba nikuje mwenyewe, juu wengine hawataweza kukuelezea."

"Mama, mimi sitaki ugomvi," Dilawar akasema. "Wala fidia. Ile picha, mke wangu pale haigizi. Pale ameumwa. Ni ugonjwa uliomuua. Mnawaonyesha watu maumivu yake na mnawaambia ni shetani."

Thacienne alifumba macho kidogo. "Ile sikujua," akasema. "Wale bakubwa nao hawakujua."

"Basi sasa wanajua. Waambie."

"Niliwaambia asubuhi, mtoto yako alipoandika. Papa, sitakudanganya. Kontra ile mtoto yako alisaini inawapa picha zote. Walisema wanasikitika sana." Akageuza kalamu mezani. "Na hata wakikubali leo, haitasaidia. Filamu ilianguka, watu hawaendi kuiona. Lakini kile kipande kilitoka. Kiko ku matelefone. Vijana wanakipenda."

Dilawar hakufahamu vijana wanapendaje kitu kama kile. Thacienne hakutaka kumwonyesha, ila Aun alikuwa amekwishaona. Yule mtoto wa kwenye ukumbi wa sinema hakuwa peke yake. Watu wasiohesabika, mijini ambako Sughra hakuwahi kufika, walikuwa wanafungua milango ya jikoni zao, wananyoosha mkono, wanakunja uso, na chini wanaandika maneno ya mzaha: mimi nikiona bili ya umeme, mimi nikiitwa kazini Jumapili. Maumivu yake yalikuwa yamekuwa nguo ya kuazimana.

"Wekeni mimi," Dilawar akasema.

"Papa?"

"Mfute yeye, mniweke mimi. Mimi ni mzee, sura yangu ni mbaya vya kutosha. Nitasimama mlangoni hapohapo, nitafungua kinywa, nitafanya vyovyote mnavyotaka. Wanicheke mimi."

Aun aliweka kichwa juu ya meza. Thacienne akasukuma glasi ya maji karibu na mzee. Mwisho alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna jambo lingine na ni afadhali walisikie kwake. Jini halitarudi, watu walilikataa. Lakini kwa kuwa mama ndiye anayependwa, wakubwa wameanza kuzungumzia sehemu ya tatu, nayo itakuwa yake mwanzo mpaka mwisho.

Baba na mwana wakarudi Pickering. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu hujua hivyo, na bado mtu hupiga magoti akapapasa sakafu. Dilawar naye alipapasa. Alimwandikia kila mtu aliyeelekezwa amwandikie. Mwanasheria wa jamii alimsikiliza, akampa chai, akamwambia alichoambiwa na Thacienne kwa maneno marefu zaidi. Maulana alimwambia dhihaka za watu hazimfikii aliyekwenda kwa Mola wake, na Dilawar aliamini hivyo kwa dhati. Sughra alikuwa salama. Aliyekuwa hatarini alikuwa mtoto wa miaka minane.

Sahar alikuwa ameacha kula jikoni. Naseem alilisema hili kwa upole, bila kumlaumu baba mkwe, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. Mtoto alitaka sahani yake sebuleni, mgongo ukutani, na milango yote ya nyumba iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Shuleni wenzake walikuwa wanakiigiza kile kipande, na hakuthubutu kumwambia yeyote kwamba yule ni wa kwao.

Dilawar akafikiri, akaona bado ana silaha moja. Kulikuwa na kanda ya harusi ya Aun na Naseem, aliyokuwa ameihamishia kwenye kompyuta miaka mingi iliyopita. Humo Sughra alikuwa mzima, amenenepa, amevaa kijani. Uongo hufutwa kwa ukweli, alijiambia. Mtoto akimwona alivyokuwa hasa, ule uso mwingine utakwenda zake. Akaomba aletewe Sahar Jumamosi asubuhi. Naseem alisita, akamleta.

Jua lilikuwa limejaa sebuleni, theluji nje inang'aa. Dilawar alimtengenezea mtoto maziwa ya hiliki, akaketi naye kwenye kochi, akawasha. Wakaonekana watu wa harusi, na Sahar akacheka kumwona baba yake ana nywele nyingi. Akamwona Ummulbanin anagombana na mpishi, akacheka tena. Moyo wa mzee ukaanza kufunguka. Ndipo kutoka nyuma ya meza za chakula akaja Sughra, na sinia ya barfi, halua ya maziwa, anamlisha kila aliyemkuta kwa mkono wake. Alikuwa anacheka kwa kinywa chote. Alimwona kijana aliyeshika kamera, akamwonea huruma kama alivyomwonea kila mtu, akamjia moja kwa moja, mkono umenyooshwa na kipande cha barfi kati ya vidole. "Na wewe, mwanangu, kula. Umesimama tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni." Uso wake ukakaribia, ukajaza kioo.

Mwili wa Sahar ukakakamaa. Hakupiga kelele. Kikombe kilimtoka mkononi na maziwa yakamwagika kwenye magoti yake, naye hakuyatazama.

"Huyu ndiye Dadima," Dilawar akasema haraka. "Huyu ndiye wa kweli, mama. Mtazame. Anawapa watu vitu vitamu."

"I know it's her," Sahar akasema.

Tangu ajue kusema, mtoto huyu alikuwa anazungumziwa Kiswahili na babu yake, naye anajibu kwa Kiingereza. Dilawar alikuwa amebembeleza, amehonga biskuti, amekata tamaa. Sasa Sahar alimgeukia, na kwa kuwa alitaka aeleweke, aeleweke upesi, pasiwe na neno moja litakalompotea babu yake, akayatafuta maneno ya babu mwenyewe, ya Kiswahili, moja moja, akampa.

"Zima, Dadabapa. Tafadhali. Naogopa yeye."

Dilawar akabonyeza, na Sughra akazimika huku bado anacheka.